Kibarua Aitwaye Usiguse

Saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, Barabara ya Ngong.
Chai yangu imepoa, imefanya utando.
Bwana Kithinji ameniinamia begani, ananukia peremende.
"Masharti ya mkopo," anasema, "wayasome tu.
Wasiyachukue."

Nami nina vibarua wangu,
madarasa madogo madogo ya mitindo,
kila mmoja na kazi moja, ya jirani haimhusu:
huyu hunenepesha herufi,
yule husogeza kisanduku nukta nne kushoto,
mwingine hupaka kijivu,
akishapaka, basi.
Nimewabatiza kwa Kiswahili, maana usiku nikichoka
hiyo ndiyo lugha isiyonipotea.

Yupo chukua-yote: gusa mara moja,
namba ya kulipia inabebeka nzima, tarakimu zote sita,
hakuna sifuri inayoachwa nyuma ikilia.
Yupo chagua-utakacho, mpole,
hukuacha uanzie utakapo, ukomee utakapo.
Na yupo usiguse.

Usimchukie usiguse. Nilimwajiri kwa wema.
Alisimama juu ya kitufe cha Lipa
ili mwenye haraka, akigonga mara mbili,
asijikute amepaka neno buluu na pesa haijaenda.
Bawabu wa mlango mmoja mwembamba.
Asubuhi ile nikamkabidhi jengo zima.

Neno moja tu niliandika, kwenye kisanduku cha nje,
na vifungu ishirini na viwili vilivyomo ndani
vikawa kama suti nyuma ya kioo cha duka:
unahesabu vifungo,
unachogusa ni ubaridi.
Kithinji akashika kipanya, akavuta, akavuta.
Buluu haikuja.
"Safi," akasema, akaenda kutafuta chapati.

Jumamosi, Soko la Toi, nachagua viatu.
Bi Kageha, aliyeniuzia buti za mvua ya mwaka jana,
ananisukumia simu kabla ya salamu.
"Wewe si ndiye fundi wa vitu hivi?
Kidole changu kimekufa."

Kiingereza cha mikopo humpita kasi, hakisimami kituoni.
Kwa hiyo ana njia yake:
hubonyeza, hushikilia,
buluu ikaenea kama wino kwenye kitambaa,
hunakili, humtumia Lusike, bintiye, chuoni Eldoret,
naye humrudishia sauti kwa Kiswahili cha nyumbani,
kifungu baada ya kifungu, na kikohozi katikati.
Hivyo ndivyo amelisoma kila deni lake.

"Piga picha ya skrini," nikasema, nikikwepa macho.
"Picha thelathini? Bando ni la nani?"

Eti kidole kimoja hakivunji chawa.
Chake kilikuwa kikivunja
mpaka nilipokifunga mimi.
Sikumwambia.
Nilinunua viatu visivyonitosha
nikatembea navyo mkononi hadi Adams.

Jumapili usiku stima zimekatika mtaa mzima.
Kompyuta imebaki na asilimia kumi na tisa.
Nafungua faili, namtafuta usiguse,
namtoa kisanduku cha nje, namrudisha kwenye kitufe chake.
Kwenye maelezo ya badiliko naandika: marekebisho madogo.
Labda Kithinji ataona Jumatatu. Labda peremende zitamshughulisha.

Jumatatu hakuona.
Jumanne saa tano simu ikatetemeka juu ya meza.
Namba yangu Bi Kageha anayo, ya malipo ya viatu.
Lusike ana mtihani, kaandika. Nisaidie hiki.
Na chini yake, kimenakiliwa kizima,
hakijapungua hata koma,
kifungu cha kumi na tisa.

Vyote nilivipanga mimi. Upana wa mistari,
nafasi ya kupumulia kati ya aya,
rangi, ukubwa, pembe za kisanduku.

Nakisoma sasa, polepole,
kwa mara ya kwanza.